Papa Barrière

Kasimu alipoufunga mtandao wa hospitali, watu waliacha kumsalimu. Hapakuwa na matusi wala kelele. Aliingia asubuhi, akasema "Jambo yenu," na wauguzi waliokuwa wanakunywa chai kwenye baraza wakainamisha macho ndani ya vikombe vyao, kana kwamba chai ile ilikuwa na neno la kuwaambia. Mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo, na aliufungua ili acheke.

"Papa Barrière amefika. Mutoe bakarte!"

Jina likamganda. Kila mtu wa Butembo anaijua barrière: kamba iliyovutwa kutoka mti huu hadi ule, katikati ya barabara, na askari ameketi kivulini akidai karte, yaani kitambulisho, hupiti mpaka apende yeye. Kumpa mtu jina hilo si mzaha mdogo.

Kwao ilikuwa Beni. Alizaliwa katika familia ya Waislamu wasafirishaji. Baba yake alipakia mbao na kakao hadi mpaka wa Kasindi maisha yake yote, na Issaka, kaka yake mkubwa, alirithi usukani. Kasimu hakuwahi kupenda magari. Yeye alipenda nyaya. Alisomea mambo ya rezo, mitandao ya kompyuta, huko Kampala, na aliporudi akapata kazi katika hospitali ya matofali mekundu, juu ya kilima kimoja cha Butembo, yenye tawi lake dogo kule Beni. Alipanga chumba kwa mama mjane, Mkatoliki, aliyemheshimu kwa sababu hakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na hakuleta wageni. Hilo la pili halikuwa wema wake. Wageni hakuwa nao.

Alikuwa na sababu ya kufunga, na sababu hiyo ilikuwa mtu. Kule Beni walikuwa na mashini ya kupiga picha za mifupa, lakini hawakuwa na mpasuaji. Mpasuaji alikuwa Butembo, Dokta Ézéchiel, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkurugenzi. Kwa kuwa barabara ya kati ya miji hiyo miwili ilikuwa ya hatari, wagonjwa hawakusafirishwa ovyo. Picha ndizo zilizosafiri: zilipanda parabole ya Beni, lile sinia la setilaiti, zikateremka parabole ya Butembo, daktari akazisoma na kuwaambia wenzake la kufanya. Siku moja picha ya mama aliyeangukiwa na ukuta ilikwama njiani, kwa sababu Butembo watu walikuwa wanatazama mpira na filamu kwenye simu zao, kila mmoja amejipachika kwenye mtandao wa hospitali kama kupe. Picha ilipofika nzima, Beni walijibu kwamba haihitajiki tena.

Dokta Ézéchiel alimwita Kasimu ofisini, hakumwambia hata aketi.

"Funga," alisema. "Funga yote. Uache tu njia ya picha na ya dawa."

Ndipo Kasimu akaweka kile kisanduku cheusi kinachoitwa parefe, ukuta wa moto, kati ya hospitali na dunia. Amri ya kwanza aliyoandika ndani yake ilikuwa fupi: kataa kila kitu. Baadaye, moja baada ya nyingine, akataja zile chache zilizoruhusiwa kupita. Picha zikaanza kufika kabla mgonjwa hajateremshwa kwenye meza. Lakini picha inayofika vizuri haishangiliwi na mtu. Mpira usioonekana ndio unaosemwa.

Saa sita, wafanyakazi walikuwa na desturi ya kula pamoja, sahani moja ya bugali katikati na sombe, majani ya muhogo, kando. Kasimu alipokaribia, mazungumzo yalikatika. Hawakumfukuza. Walisogea, wakampa nafasi pana, pana kupita kiasi, na wakamaliza upesi. Baada ya siku chache akaanza kula peke yake katika chumba cha mashini, sahani kwenye magoti, feni za visanduku zikimvumia. Humo ndani, kila asubuhi, aliuliza kisanduku cha Beni kama kipo, na kisanduku kilijibu kwamba kipo. Mbali na mama yake, katika Beni nzima hicho ndicho pekee kilichokuwa kinamwitikia.

Kwa maana yeye na Issaka walikuwa hawaongei. Baba yao alipofariki, Kasimu alikwenda mbio kwenye parking ya magari yaendayo Beni akiwa amevaa kanzu, kofia mkononi. Waislamu hawalazi maiti wao. Lakini siku hiyo risasi zilikuwa zimelia njiani, askari wamezuia magari, hakuna convoi, ule msafara unaolindwa. Alisimama pale tangu asubuhi mpaka wachuuzi wa mandazi wakafunga vikapu vyao. Issaka alimpigia simu jioni, mikono yake bado ina udongo wa kaburi, akasema neno moja: "Barabara inafungiwaga batu benye kuogopa." Akakata. Mama yao alijaribu kuwaunganisha, akachoka. Kasimu aliendelea kumpigia mama kila Ijumaa, na kila alipouliza habari za Issaka, mama alijibu, "Yuko njiani," naye hakujua kama ni jibu au ni kumfunika.

Basi ikatokea mashambulizi mapya kandokando ya Beni. Antena za simu zikachomwa, na mji mzima ukanyamaza. Butembo watu walishika simu zao, wakapiga, wakasikia sauti ya yule mwanamke wa mashini akisema Kifaransa chake kilekile, wakapiga tena. Nusu ya wafanyakazi wa hospitali walikuwa na watu wao kule. Ijumaa ikaja, Kasimu naye akapiga kwa mama, akamsikia yule mwanamke wa mashini.

Aliyekuja kugonga mlango wa chumba cha mashini alikuwa Bénite, muuguzi wa wodi ya wazazi. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanainamisha macho kwenye vikombe. Sasa alisimama wima mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya bluzi yake nyeupe.

"Yaya Kasimu, bapicha ya Beni iko nafika ao haifike?"

"Inafika. Kule beko na parabole yabo na motere ya umeme. Ile haitegemee antene."

"Basi kama picha inapita, sauti inashindwa nini?"

Kasimu akainua macho kutoka kwenye kioo.

"Mutoto wangu Amani iko kule na mama yangu," Bénite akasema. "Tangu antene zilikufa sijasikia hata neno moya. Weye unajuaga kufunga tu?"

Neno hilo lilimchoma. Hata hivyo hakujibu kwa hasira. Alimsogezea kiti cha pekee kilichokuwamo, yeye akasimama. Akamweleza kwamba si jambo la kusukuma kitasa. Mtu aliyeziweka mashini za Butembo na za Beni zamani alizipa namba zilezile, kama mitaa miwili iliyohesabiwa nyumba na mtu mmoja mvivu.

"Angalia. Hapa mashini ya Dokta ni namba kumi. Kule Beni, mashini ya Élise, fundi yabo, nayo ni namba kumi. Nikiita kumi, ni ya hapa njo inaitika. Sauti yako haitatoka hata mu lupango ya hospitali."

"Na picha, inapitaga je?"

"Picha inapitia nje, mu kisanduku kingine kinachotunza. Inaachwa pale, tunaichukua. Sauti haiachwe mahali. Sauti inataka mutu na mutu."

"Donc haiwezekane."

Kasimu aliangalia nyaya. Moyoni alishajua kwamba inawezekana. Alikuwa anajua tangu Ijumaa, simu mkononi.

"Inawezekana," akasema. "Ku mulango nitapatia kila mashini ya Beni jina ingine. Sisi tutaiita na ile jina ya kupewa, kisanduku njo itageuza na kupeleka kwa mwenyewe. Ikijibu, itageuza tena. Kule hata habatajua kama tuliwapatia majina."

Bénite alimtazama kama mtu anayeona nyumba aliyoipita kila siku kumbe ina mlango wa nyuma.

Walikwenda pamoja kwa Dokta Ézéchiel. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kravati.

"Mais Kasimu, ile mama ya kuangukiwa na ukuta umeisha kumusahau?"

"Hapana, Dokta. Picha itakuwa na haki ya kwanza. Ikiingia tu, sauti inanyamaza yenyewe mpaka picha imalizike. Kisanduku ndicho kitakata, si mimi. Hata kama anayesema ni nani."

Daktari alivaa tena miwani yake. Akasema, "Picha moya ikichelewa, nafunga na weye nakufungia inje." Lakini aliinuka, akatoa funguo za ofisi ndogo iliyokuwa ghala ya vitanda vilivyovunjika.

Kazi ilikula siku yake yote na ya kesho yake. Kule Beni mashini zilikuwa mikononi mwa Élise, dada ambaye Kasimu hakuwahi kumwona uso. Walijuana kwa maneno mafupi yaliyopanda pamoja na picha. Sasa waliandikiana mfululizo: washa hii, zima ile, jaribu tena. Kasimu alifungua njia nyembamba ya sauti peke yake, kutoka chumba kile hadi chumba kingine, na pande zote za njia hiyo akaacha ukuta umesimama. Alasiri, spika ya mashini ya zamani ikakohoa, na sauti ya mwanamke ikasema, "Allo? Butembo? Munanisikia?" Kasimu alishika meza.

Bénite alikuwa wa kwanza. Élise alikuwa ametuma mtu kumwita mama yake.

"Mama? Ni miye, Bénite."

"Bénite! Uko mu redio?"

"Hapana, mama. Niko ku hospitali. Amani iko?"

Ikaja pumzi ndogo karibu sana na kipaza sauti. "Mama, nilikula ndizi."

Bénite alicheka na kulia kwa pamoja, mkono kinywani. Kasimu akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Kutoka hakuweza, maana njia ile ilihitaji mtu wa kuiangalia. Akawapa mgongo wake tu, ndiyo faragha pekee aliyoweza kuwapa.

Habari ikaenea kabla jua halijashuka. Kuanzia hapo, kila alasiri watu walijaa kwenye kile kighala: wafyagiaji, madereva, mafundi wa maabara, kisha na watu wa mtaani wenye jamaa Beni. Walikaa kwenye vitanda vilivyovunjika wakisubiri zamu. Picha ilipoingia, sauti ilikatika katikati ya neno, nao walinyamaza wote, wengine wakifanya ishara ya msalaba kwa ajili ya huyo asiyejulikana ambaye mifupa yake ilikuwa inapita. Hakuna aliyelalamika. Sasa walijua picha ni nini.

Mama Marie-Jeanne, mpishi, aliingia na aproni yake. Alikuwa anamuulizia kaka yake, aliyekuwa na shamba nje ya mji. Sauti ya mwanamume upande wa pili ilizunguka, ikazunguka, ikasalimia watu wote wa nyumba mmoja mmoja, na mama akajua.

"Mulimuzika?" akauliza.

"Tulimuzika, mama. Vizuri."

"Wasingya," akasema, asante ya Kinande, kwa sauti ya mtu aliyepokea maji. Akainuka, akarudi jikoni kumenya viazi. Kasimu alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Alitaka kwenda kumwambia neno. Zamu ya mtu mwingine ilikuwa imeshafika.

Siku moja Bénite alibaki nyuma akikunja mablanketi.

"Na weye, yaya? Sijakusikia ukiita mutu."

"Ba kwetu beko na kazi mingi," Kasimu akajibu.

Kusema kweli aliogopa. Élise angetuma mtu nyumbani kwao, Issaka angempokea mlangoni, na mtu huyo angerudi kusema, "Wamesema hawaji." Neno hilo, mbele ya watu wote wale waliokaa kwenye vitanda, asingeweza kulibeba. Kutoita kulikuwa kwepesi. Basi aliita watu wa wengine siku nzima, akawaunganisha mama na wana, waume na wake, na jioni aliteremka kilima peke yake kati ya mikaratusi, vumbi la pikipiki likimpita.

Ilikuwa alasiri ya mvua, watu wachache wamekuja, Élise aliposema kwenye spika, "Kasimu, kuna mutu hapa. Hataki kusema na mutu mwingine, ila weye."

Kiti kikasogezwa upande wa pili. Halafu sauti nzito, ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Kasimu."

"Yaya."

"Uko?"

"Niko."

Mvua ilipiga bati. Wale waliokuwamo chumbani, bila kuambiwa, wakageuza nyuso zao kuelekea ukutani.

"Mama nilimupeleka Kamango, ku mpaka," Issaka akasema. "Akavuka. Iko Uganda kwa shangazi Amina, ni muzima. Nyumba nimefunga, funguo iko kwa jirani, Papa Éphraïm."

"Alhamdulillahi. Na weye?"

"Miye niko nabeba batu. Convoi inatoka sasa hivi, banaisha kupanda." Akapumua. "Hapa banasema njo weye ulifungua hii njia."

"Ni hospitali."

"Banasema ni weye." Kiti chake kikalia. "Kasimu, sikiliza. Ile siku ya kuzika baba, miye ni—"

Sauti ikakatika.

Kasimu alijua kabla hajatazama. Picha ilikuwa inaingia kutoka Beni. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibonyezo. Angeweza kuizuia kidogo, kwa muda wa sentensi moja. Dokta asingejua, mgonjwa asingejua, Mungu tu. Kwenye kioo picha ilianza kujichora kutoka juu, mstari chini ya mstari: nyonga, halafu paja, mfupa mwembamba uliovunjika kama kijiti. Mfupa wa mtoto. Akaondoa mkono, akaukalia.

Ilikuwa picha nzito, na mvua iliifanya nzito zaidi. Chumba cha pili Dokta Ézéchiel alikuwa ameshaanza kuita watu wake. Spika ilipokohoa tena, Kasimu aliruka.

"Yaya?"

"Ni miye, Élise. Ameenda, Kasimu. Alingoja, akangoja, bakapiga honi. Alisimama ku mulango, kisha akaenda."

"Aliacha neno?"

"Hapana. Aligusa tu ile mashini na mukono, hivi. Akaenda."

Mtoto yule alipona. Wa Beni waliandika wenyewe baadaye. Kasimu alifurahi, na furaha hiyo hakujua aipeleke kwa nani.

Antena zilitengenezwa, na kighala kikaishiwa watu kama soko lililonyeshewa. Kila mtu alirudi kwenye simu yake. Kwa muda walimsalimu kwa heshima, wakamwita jina lake, wakamwachia nyama kwenye sahani. Halafu ukaja mchezo mkubwa wa mpira, wakamwomba afungue kidogo tu, naye akakataa. Salamu zikapungua tena, si zote. Mama Marie-Jeanne aliendelea kumtumia viazi. Bénite alimchukua Amani, wakahamia Kipese kwa watu wa mume wake. Siku ya kuaga alimshika Kasimu mikono yote miwili, akakosa la kusema, akacheka.

Kasimu alipiga namba ya Issaka mara nyingi. Mara haikupatikana, mara iliita ikaachwa. Mama alipiga kutoka Uganda, akasema baridi haipo, chakula kipo, na Issaka yuko njiani.

"Mama, alitaka kuniambia nini ile siku?"

"Umuulize yeye mwenyewe, mutoto wangu. Miye nimechoka kuwa daraja."

Barabara ilipofunguka vizuri, kisanduku cha Beni kilikuwa kinahitaji kubadilishwa, na Kasimu akaomba aende mwenyewe. Alisafiri ndani ya convoi, askari mbele na nyuma, kutoka ubaridi wa Butembo hadi joto la Beni, akitazama nyumba zilizofungwa kandokando ya njia. Élise alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Walifanya kazi pamoja mpaka alasiri, wakiwa na haya kama wachumba walioandikiana barua, na kazi ilipokwisha kila mmoja alirudi kwake.

Papa Éphraïm alimpa funguo bila kuuliza lolote. Kabla ya kuingia ndani, Kasimu alijaribu simu kwa mara nyingine, na safari hii Issaka akapokea. Injini ilinguruma, watu walipiga kelele nyuma yake.

"Yaya, niko nyumbani. Beni."

"Uko Beni? Miye niko ku njia ya Kamango. Sirudi leo." Gia zikalia. "Lala pale. Kitanda cha baba ni kizuri, nilibadilisha godoro."

"Yaya, ile siku mu mashini. Ulitaka kusema nini?"

"Siku gani?"

"Siku ya mvua. Juu ya kuzika baba."

Injini ikanguruma peke yake kwa muda mrefu.

"Nimeisha kusahau," Issaka akasema. "Kaburi liko nyuma ya musikiti, upande wa muembe ile iliyokatwa. Uende uone. Ile kamba ya mulango wa nyuma usiivute sana, imeoza." Simu ikakatika. Kasimu hakujua kama ni mtandao au ni mkono.

Alikwenda makaburini wakati jua limelegea. Kaburi la baba lilikuwa limefyekwa vizuri, mawe madogo yamepangwa kulizunguka na mtu mwenye subira. Alichuchumaa, akasoma Fatiha, akabaki pale baada ya kumaliza.

Aliporudi, kuku wa jirani walikuwa wamehamia jikoni mwa mama yake, mmoja amelala juu ya jiko baridi. Aliwafukuza polepole, akafagia, akafungua madirisha yote ili hewa ipite. Papa Éphraïm alipitisha sahani ya ndizi na maharage juu ya ukuta wa lupango.

"Ukule, mutoto. Unakaa siku ngapi?"

"Kesho narudi."

"Ah." Mzee alitikisa kichwa, akaenda zake.

Kasimu alitandika mkeka barazani, akaweka sahani mbele yake. Barabarani malori yalipita yakielekea Kasindi, moja, halafu jingine, na kila moja alilinyanyulia macho, akamtazama dereva, kabla ya kumega tonge.